Ngome iliyofufuliwa na daftari

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuisikia dukani, mwenye duka anapomwonya mwanawe asiwape watu bidhaa kwa mkopo bila kuandika. Sikupata kufikiri kwamba siku moja ningeikumbuka nikiwa juu ya ukuta wa mawe katika nchi ya Korea Kusini, maelfu ya kilomita kutoka nyumbani, huku upepo wa majira ya majani kupukutika ukinipenya hadi mifupani.

Ukuta wenyewe ni wa ngome ya Hwaseong, iliyoko katika mji wa Suwon, yapata kilomita 30 kusini ya jiji kuu la Seoul. Nilikuwa na siku moja tu ya mapumziko kabla ya kurejea nyumbani, na kijana mmoja wa Kikenya anayesoma huko, mzaliwa wa Kitui, alinishauri nisiipoteze siku hiyo madukani.

"Mzee," akaniambia, "maduka hata Nairobi yapo. Twende nikakuonyeshe kazi ya mtu aliyempenda babake."

Maneno hayo yalinishangaza. Ngome nizijuazo mimi zilijengwa kwa sababu ya hofu au ya tamaa. Fort Jesus, kwa mfano, Wareno waliimaliza mwaka 1596 ili kuishika Mombasa na njia yao ya biashara ya kwenda Bara Hindi. Hwaseong nayo ilimalizika mwaka 1796, miaka 200 kamili baadaye. Lakini ngome iliyojengwa kwa ajili ya mapenzi ya mwana kwa babake? Hilo nilitaka kuliona kwa macho yangu mwenyewe.

Nilikuwa pia na sababu yangu ya siri, ambayo sikumwambia kijana wakati huo. Marehemu babangu alikuwa mwashi. Nililelewa kwa mwiko na timazi, na hadi leo siwezi kupita karibu na ukuta wa mawe bila ya kuugusa.

SAFARI YA SAA MOJA

Kutoka Seoul hadi Suwon si mbali. Tulipanda gari moshi la umeme la njia namba 1, lile lile linalowapeleka watu kazini, na baada ya saa moja hivi tukawa tumefika. Njiani hukuona shamba wala kichaka. Ni majumba marefu ya kukaa watu, yamepangwa kama vitabu katika rafu, mji ukimalizikia ndani ya mji mwingine. Suwon peke yake ina wakazi zaidi ya milioni moja.

Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba Hwaseong iko nyikani, kama magofu yaliyomezwa na msitu. Ngome imo katikati ya mji. Ukuta wake, wenye urefu wa karibu kilomita 6, unazunguka nyumba za watu, shule, vibanda vya chai na maduka ya simu. Watoto wanapita chini ya malango yake wakienda shuleni, na akina mama wazee wanafanya mazoezi ya kutembea juu yake asubuhi. Ni ukuta wa kale, lakini unaishi na watu.

Tulipotoka kituoni tulipanda basi hadi jumba la Haenggung, lililo chini ya kilima cha Paldalsan. Haenggung ni jumba la mfalme la kupumzikia akiwa safarini. Kijana alinikalisha kwenye kivuli cha ukumbi mmoja, akasema, "Hapa kwanza nikupe kisa, Mzee. Bila kisa hiki utaona mawe tu."

SANDUKU LA MCHELE

Kisa chenyewe ni cha kuhuzunisha, na Wakorea wote wanakijua.

Mwaka 1762 Korea, ambayo wakati huo iliitwa Joseon, ilikuwa ikitawaliwa na Mfalme Yeongjo. Mfalme huyu alikuwa na mwana aliyeitwa Sado, mrithi wa kiti chake. Baba na mwana hawakupatana hata kidogo. Katika joto kali la mwezi wa Julai mwaka huo, mfalme alimwamuru mwanawe aingie ndani ya sanduku kubwa la kuwekea mchele. Sanduku likafungwa. Siku ya nane Sado akawa maiti. Alikuwa na umri wa miaka 27.

Kwa nini mzazi amtende mwanawe hivyo? Mkewe Sado, Bi Hyegyeong, aliandika kumbukumbu zake uzeeni, na humo anaeleza kwamba mumewe alikuwa amepatwa na maradhi ya akili, akawa mkali hata akawaua watumishi wa jumba. Kumhukumu kama mhalifu kungeweza kuwaangukia jamaa zake wote, pamoja na mwanawe mdogo ambaye ndiye aliyetazamiwa kurithi ufalme baadaye. Sanduku likawa njia ya kumuua bila upanga na bila hukumu.

Mtoto huyo mdogo, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 10, alikuja kumlilia babu yake amsamehe babake. Akabebwa akatolewa nje.

Hebu fikiria, msomaji, mtoto aliyeshuhudia hayo anakua vipi. Isitoshe, ili asiitwe mwana wa mkosaji, aliandikishwa kuwa mtoto wa marehemu baba yake mkubwa. Alikatazwa, kwa maana hiyo, hata kumwita babake baba. Mwaka 1776 babu alipofariki, mtoto yule alitawazwa kwa jina la Jeongjo. Na siku hiyo hiyo aliwatangazia wakuu waliokusanyika mbele yake kwamba yeye ni mwana wa Sado.

Mwaka 1789 aliuhamisha mwili wa babake kutoka kaburi la awali hadi mahali palipoaminika kuwa pazuri kuliko pote, karibu na Suwon. Mji wa zamani wa Suwon ulikuwa papo hapo penye kaburi jipya, hivyo watu wake walihamishwa hadi chini ya kilima cha Paldalsan, wakalipwa fidia ya nyumba zao. Ndipo Januari mwaka 1794 kazi ya kuuzungushia mji huo mpya ukuta ilipoanza.

Wataalamu wa historia husema kwamba mapenzi ya mwana hayakuwa sababu pekee. Mfalme alikuwa na maadui wengi miongoni mwa wakuu wa Seoul, na mji wenye ngome, jeshi na soko la nguvu kusini ya jiji ungempa mgongo wa kuegemea. Mimi sioni kwamba sababu hizi mbili zinapingana. Mtu aliyempoteza babake kwa fitina za jumbani ana haki ya kutaka ukuta.

KARAMU YA MJANE

Katika jumba hilo hilo la Haenggung kuna ukumbi uitwao Bongsudang. Hapo mwaka 1795 Mfalme Jeongjo alimfanyia mamake karamu ya kutimiza miaka 60, umri ambao Wakorea huuheshimu sana. Alimleta kutoka Seoul kwa msafara mkubwa wa askari, farasi na watumishi, wakavuka mto Han juu ya daraja lililotengenezwa kwa mashua zilizofungwa pamoja. Safari nzima ilichukua siku nane.

Bi Hyegyeong na marehemu mumewe walizaliwa mwaka mmoja. Kwa hiyo mwaka huo Sado naye angetimiza 60, kama angalikuwa hai. Kabla ya karamu, mfalme alimpeleka mamake kaburini. Miaka 33 ilikuwa imepita tangu siku ya sanduku.

Mfalme hakuwasahau raia. Wazee wa Suwon walialikwa karamu yao, na penye lango la jumba maskini waligawiwa mchele na uji. Nilipoambiwa hayo niliwaza juu ya mchele huo. Sijui kama mfalme alifikiria jambo lile nililolifikiria mimi, kwamba mchele uliotumika kama jina la kifo cha babake sasa unatoka mikononi mwake kuwapa watu uhai.

JUU YA KILIMA

Tulipanda Paldalsan kwa ngazi za mawe. Si kilima kirefu, lakini mtu wa umri wangu lazima apumzike mara mbili tatu. Kileleni kuna Seojangdae, kibanda cha ghorofa mbili ambamo jemadari alisimama kuongoza jeshi. Kutoka hapo unauona mji wote. Ukuta unashuka kutoka kilimani kama nyoka anayeota jua, unapotelea katikati ya majumba, kisha unatokea tena upande wa pili.

Seojangdae hii ninayoitaja iliteketezwa mwaka 2006 na mtu aliyeitia moto makusudi. Ilijengwa tena. Hili neno, kujengwa tena, nililisikia mara nyingi siku hiyo, na kila niliposikia nilikunja uso kidogo. Nilijiuliza kama nilikuwa nimesafiri kuona ukuta wa mwaka 1796 au mfano wake tu.

Kutoka kileleni tulifuata ukuta kuelekea kaskazini. Hapo ndipo nilipoanza kuugusa kama kawaida yangu. Chini ni mawe makubwa, meusi kwa umri, yamekatwa na kufungamana vizuri hata kisu hakipenyi kwa urahisi. Mahali pengi, juu yake, kuna mawe meupe zaidi, ambayo ni ya juzi. Juu kabisa kuna ukuta mdogo wa kujikinga, wenye matundu ya kupigia mishale na bunduki. Mahali pengine wametumia matofali ya kuchoma badala ya mawe, jambo ambalo lilikuwa geni katika ngome za Korea siku hizo. Babangu angesimama hapo siku nzima.

Upande wa kaskazini magharibi tulifika penye lango la Hwaseomun na mnara wa Seobukgongsimdon ulio kando yake. Vyote viwili vimesimama tangu wakati wa Jeongjo. Mnara huo uko wazi ndani kama kinu, ili askari wapande hadi juu huku wakimlenga adui kupitia matundu ya pande zote. Kila lango kati ya malango manne makuu lina ukuta mwingine wa mviringo mbele yake, mfano wa mkono uliokunjwa, ili adui anayelishambulia ajikute amezungukwa.

MTU WA MAKAPI

Aliyechora mpango wa ngome hii alikuwa msomi kijana, Jeong Yak-yong, ambaye alizaliwa mwaka 1762, mwaka ule ule alioufia Sado. Alikuwa na umri wa miaka 30 hivi mfalme alipompa kazi hiyo. Hakuwa mjenzi. Alikuwa mtu wa vitabu, lakini mtu wa vitabu aliyejua kwamba kitabu kisichomsaidia mkulima wala fundi ni mzigo tu.

Mfalme alimpa kitabu kilichotoka Uchina kilichoeleza mitambo ya Wazungu, naye akatengeneza mtambo wa kuinulia mawe. Mtambo huo ulikuwa na makapi manane, manne juu na manne chini, au roda kama wasemavyo mabaharia wetu wa pwani. Kamba ikipita katika makapi hayo yote, uzito wa jiwe unagawanyika, na watu wachache wanainua jiwe ambalo bila hivyo lingehitaji umati. Inasemekana mfalme mwenyewe alimsifu kwa kuiokolea hazina nyang 40,000, nyang ikiwa ni fedha ya siku hizo. Gharama ya ngome nzima ilipita nyang 870,000.

Kazi iliyokuwa imekadiriwa miaka 10 ilimalizika kwa muda usiozidi miaka mitatu. Makapi yalisaidia, lakini si makapi peke yake. Zamani wafalme wa Korea waliwaita raia kujenga kuta kwa lazima, bila malipo, kama serikali za kikoloni zilivyofanya kwetu katika barabara na reli. Hwaseong ilijengwa kwa ujira. Fundi alilipwa, na mpagazi alilipwa. Wakati wa joto kali mfalme aliwapelekea wafanyakazi dawa ya kuwapoza, na wakati wa baridi kofia na nguo. Mavuno yalipoharibika mwaka 1794, kazi ilisimamishwa kwa miezi kadhaa.

Kuna hadithi nyingine niliyoipenda. Vigingi vya kuonyesha njia ya ukuta vilipopigwa upande wa kaskazini, ilionekana kwamba nyumba kadhaa za watu zingebaki nje au kubomolewa. Mfalme aliagiza kwamba ukuta upindishwe uwazunguke watu hao, hata kama utahitaji kupindishwa mara tatu. Ndiyo maana ukiitazama ramani ya Hwaseong huoni duara wala mraba. Unaona umbo kama la jani.

MISHALE NA MOSHI

Lango la kaskazini, Janganmun, ndilo kubwa kuliko yote, kwani ndilo lililomkabili mfalme akija kutoka Seoul. Tulipita juu yake, magari yakinguruma pande zote mbili, kisha tukafika penye Hwahongmun, lango la maji. Hapa mto mdogo unapita chini ya ukuta kwa matao saba ya mawe, na juu ya matao wamejenga kibanda kilicho wazi pande zote. Hatua chache kutoka hapo, juu ya mwamba, kuna kibanda kingine kiitwacho Banghwasuryujeong, na chini yake bwawa la mviringo. Vijana wapenzi walikuwa wamekaa kando ya bwawa wakila vitafunio. Jeshi lililinda hapa, lakini aliyepachagua mahali hapa alikuwa pia na jicho la kupenda uzuri.

Penye uwanja wa Yeonmudae, ambapo askari wa mfalme walifanyia mazoezi, wageni huruhusiwa kupiga mishale kwa malipo kidogo. Nilipiga yangu yote na hakuna hata mmoja uliogusa shabaha. Kijana wangu naye alipatia mmoja tu, akainamisha kichwa.

"Tafadhali, Mzee, usiliandike hili," akasema. "Wazee wa Kikamba wakisikia watanikana."

Nimeliandika, na aniwie radhi.

Upande wa mashariki, baada ya lango la Changnyongmun, kuna mnara wa moshi uitwao Bongdon. Una mabomba matano yaliyojengwa kwa matofali. Wakati wa amani liliwashwa bomba moja tu. Adui akionekana, mawili, akikaribia mpaka, matatu, akivuka, manne, vita vikianza, yote matano. Hiyo ndiyo simu ya siku hizo. Nilisimama nikayatazama mabomba hayo, nikawaza kwamba hata katika amani moja lilipaswa kuwaka, ili watu wajue kuwa mlinzi yuko macho.

WINO NA JIWE

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mfalme Jeongjo alifariki mwaka 1800, miaka minne tu baada ya ngome kumalizika, akiwa na umri wa miaka 47. Mamake anasimulia kwamba alikusudia kumwachia mwanawe kiti mwaka 1804, kisha ahamie Suwon pamoja naye, karibu na kaburi la babake. Hakuwahi. Alizikwa karibu na babake, lakini katika mji aliojenga hakupata kuishi. Mwaka uliofuata, 1801, Jeong Yak-yong alihamishwa kwa nguvu hadi mbali kusini, katika msako wa wakuu wapya dhidi ya Wakatoliki na waliohusiana nao. Alikaa uhamishoni miaka 18, akiandika vitabu.

Lakini mwaka huo huo wa 1801 kilipigwa chapa kitabu cha taarifa ya ujenzi wa Hwaseong. Mfalme alikuwa ameagiza kila jambo liandikwe, na likaandikwa kweli kweli. Humo mna michoro ya kila lango, kila mnara na kila mtambo. Mna hesabu ya mawe, matofali, mbao, misumari na chokaa, na bei ya kila kimoja. Na mna majina ya mafundi: waashi wa mawe, maseremala, wafua chuma, wachoma matofali, wapaka rangi. Imeandikwa fundi alitoka wapi na alifanya kazi siku ngapi. Hata wale waliojulikana kwa majina ya utani tu, kama vile Mdogo au Mkubwa, waliingizwa vivyo hivyo.

Karne ya 20 haikuihurumia Hwaseong. Wakati Wajapani walipoitawala Korea, kuanzia mwaka 1910 hadi 1945, karibu jumba lote la Haenggung lilibomolewa. Kisha ikaja Vita vya Korea, mwaka 1950 hadi 1953, na Suwon ilitekwa na kukombolewa mara kwa mara. Lango la Janganmun liliharibiwa, na la Changnyongmun pia. Ukuta ulibomoka mahali pengi, na watu maskini waliokimbia vita wakajenga vibanda vyao kando yake.

Mwaka 1975 serikali ilianza kuijenga upya, kazi iliyoendelea hadi 1979. Hapo ndipo kile kitabu kilipofunguliwa. Mafundi hawakubuni kitu. Waliuliza kitabu lango lilikuwa na kimo gani, nacho kikawajibu. Waliuliza boriti ziliungwaje, nacho kikawaonyesha. Jumba la Haenggung nalo lilifufuliwa na kufunguliwa kwa watu mwaka 2003.

Shirika la UNESCO liliiandika Hwaseong katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997. Kwa kawaida majengo yaliyojengwa upya hutiliwa shaka katika orodha hiyo, na wengi hukubali kwamba ni kitabu kilichoitetea ngome. Mwaka 2007 taarifa za kifalme za namna hii za Korea, kitabu hiki kikiwemo, nazo ziliingizwa katika orodha ya kumbukumbu za dunia.

Nilipoelezwa haya nilikuwa nimeweka mkono juu ya jiwe moja jeupe, la juzi, lililokalia jiwe jeusi la zamani. Kukunja uso kwangu kule kilimani kulinitoka. Jiwe jeupe lilikuwa limewekwa pale kwa amri ya fundi aliyekufa miaka 200 nyuma, ambaye jina lake linajulikana, na mshahara wake unajulikana.

Ndipo nilipomweleza kijana habari za babangu. Alijenga kwa mikono yake shule moja ya mawe, ambayo bado imesimama na watoto wanasoma ndani yake. Mlangoni pana ubao, na katika ubao pana jina la mkubwa aliyekuja siku moja kuifungua, akakata utepe, akanywa soda, akaenda zake. Jina la babangu halimo. La wenzake wanane halimo pia, na sasa nimebaki nikiwakumbuka watano tu.

Kijana alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Basi hao watano waandike, Mzee, kabla hawajawa wanne."

SOKONI

Upande wa kusini ukuta unakatika. Unashuka kilimani hadi sokoni, na hapo unakwisha, kwani sehemu hiyo haikujengwa tena, na maduka yameshika nafasi yake. Lango la kusini, Paldalmun, limebaki peke yake katikati ya mzunguko wa barabara, mabasi na teksi zikilizunguka mchana na usiku. Hili nalo ni la asili, halikuvunjwa na vita, lakini limetenganishwa na ukuta wake kama mzee aliyebaki mjini baada ya jamaa zake wote kurudi mashambani.

Wengine husema sehemu hiyo nayo ijengwe ili duara likamilike. Wenye maduka wana maoni yao, na biashara katika mtaa huo si jambo geni, kwa sababu Jeongjo mwenyewe aliwavuta wafanyabiashara waje Suwon na kuwakopesha mtaji. Mfalme aliyepindisha ukuta kwa ajili ya nyumba chache za raia huenda asingewafukuza wachuuzi wa leo.

Tulimalizia siku yetu mkahawani. Suwon inasifika kwa mbavu za ng'ombe za kuchoma, na Mkenya hahitaji kufundishwa kula nyama ya kuchoma. Huko mgeni huwekewa makaa katikati ya meza, nyama ikakatwa kwa mkasi, na ikaliwa pamoja na kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa pilipili na kitunguu saumu. Miguu iliniuma, kwani mzunguko wote huchukua saa tatu hivi kwa mtu anayesimama kutazama, nami nilisimama sana.

Usiku, katika gari moshi la kurudi Seoul, kijana alilala huku ameegemea dirisha. Mimi nilitoa daftari langu dogo. Nilikuwa nimekusudia kuandika vipimo vya malango na tarehe za wafalme. Badala yake niliandika jina la babangu, na chini yake kazi yake: mwashi. Kisha nikaandika majina ya wenzake, mmoja mmoja, polepole, nikijaribu kusikia sauti zao wakiitana juu ya jukwaa la ujenzi. Tulipoikaribia Seoul nilikuwa na majina sita. Moja lilikuwa la utani tu. Nililiandika vivyo hivyo.